Somo la Watu Waliozuiwa Kuingia

Kuna ile dawa ya mbu ya kuwasha, iliyojisokota kama konokono, inayouzwa katika kila duka hapa Mombasa. Wengine huiwasha wakalala usingizi mnono. Mimi nikiiwasha, moshi wake ukishanifika puani, sipo Mombasa tena. Nipo darasa la sita, kwenye benchi la watu watatu tuliloketi watano, katika shule yetu iliyokuwa juu ya kilima kati ya Keroka na Nyamira. Dawa ile ina pareto ndani yake, na darasa letu lilinuka pareto mwaka mzima, kwa sababu ukuta wa nyuma tulichangia na ghala la chama cha ushirika. Wakulima walileta maua yao makavu kwenye magunia, vumbi likapenya kwenye nyufa, nasi tukasoma hesabu, Biblia na historia huku tukipiga chafya. Nzi hawakutusumbua kamwe. Mwalimu Ochola alikuwa akisema kwamba wilaya nzima haina darasa lenye wadudu wachache kuliko letu, ukituondoa sisi wenyewe.

Mwalimu Ochola alitoka upande wa ziwa. Alipanga chumba sokoni, alivaa miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi mweusi, na aliipenda historia kupita kiasi. Somo lilitakiwa kufundishwa kwa Kiingereza, naye kila siku alianza kwa Kiingereza, kwa uaminifu kabisa. Lakini Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni tu, basi akiona macho yetu yameganda, aligeukia Kiswahili. Hicho nacho hatukukijua sana, maana nyumbani ilikuwa Kikisii kuanzia uji wa asubuhi mpaka sala ya jioni. Kwa hiyo mambo mengi aliyotufundisha tuliyaelewa kwa namna yetu wenyewe, na alihitaji moyo mkubwa kutuvumilia.

Muhula ule tulisoma habari za watu waliozuiwa kuingia. Alitueleza jinsi walowezi wa Kizungu walivyotaka Wahindi wasiendelee kuingia nchini, na waliokwisha kuingia wasipewe mashamba ya nyanda za juu. Alitueleza kuhusu nchi za ng'ambo ya bahari zilizowafungia Wachina milango. Akatueleza jinsi wazee wetu walivyotembea na kipande, yaani kitambulisho cha wakoloni, shingoni, ndani ya kibweta cha chuma, na jinsi mtu asivyoweza kwenda kuchuma majani chai Kericho, karibu tu hapo, bila kibweta hicho kumning'inia kifuani. Alichora mpaka kwa chaki ubaoni, kisha akasimama akiutazama kwa muda, kama mtu aliyesahau kitu upande wa pili.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimsikiliza vizuri. Nilimsikiliza nusu nusu. Mawazo yangu yalikuwa nyumbani, kwa baba.

Baba alikuwa amefanya kazi Uganda, katika kiwanda cha sukari, tangu kabla sijazaliwa. Alikuja nyumbani Krismasi, akakaa siku chache, akarekebisha ua, akaenda zake. Kwangu mimi baba alikuwa mtu wa Desemba, kama nguo mpya. Nilimwonea haya kwa siku mbili za kwanza, siku ya tatu nikamzoea, ya nne nikampenda, na baada ya hapo nikawa nalia akiondoka. Ndivyo mwaka ulivyozunguka, na sikujua kwamba kuna watoto wenye baba mwaka mzima.

Mwaka huo alikuja kabla ya Desemba. Serikali ya kule iliamua kwamba kazi kama yake zifanywe na wenyeji, na Wakenya wengi wakarudishwa makwao. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya njia nilipoona mtu mwembamba anapanda kilima pole pole, nyuma yake kijana wa kukodi aliyebeba sanduku la bati. Mkononi alishika mfuko wa sukari uliolowa mvua. Sikumtambua mpaka aliponiita jina, Kemunto, kwa sauti ile ya Desemba. Macho yake yalikuwa ya manjano. Sukari ile ilikauka ikawa jiwe, na kwa majuma mengi mama aliivunja kwa mgongo wa panga kila tulipotaka chai.

Hakusimulia mengi. Kwa miaka yote aliyokaa kule, alisema, siku ya kuondolewa alipewa muda wa kufunga sanduku tu. Chumba chake cha kambini kilikuwa na mtu mwingine kabla hajamaliza kulifunga. Alilitaja jambo hilo mara moja, wakati wa kula, halafu akaomba chumvi. Wakati mwingine alisahau yuko wapi. Nikimpa maji alisema "webale," kisha akatikisa kichwa na kunishukuru upya kwa Kikisii.

Ugonjwa alikuwa nao tayari. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, na chakula kikawa hakipiti. Mama alimpeleka hospitali ya misheni, akalazwa, kisha daktari akamwita mama kando na kumwambia arudi naye nyumbani ampikie chochote anachokipenda. Mama alirudi akachinja kuku. Mimi nilishangilia. Nilidhani kuku ni wa kupona.

Hapo ndipo babu alipoanza kuja kila siku. Babu, ambaye kwetu tunamwita sokoro, alikuwa mzee mkali, mnusa ugoro, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata alipokuwa akiomba mboga. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya yetu, ng'ambo ya migomba. Asubuhi alishuka na kigoda chake mkononi, akakiweka chini ya paa la nyasi, kando ya mlango wetu, akaketi hapo mpaka jioni. Mvua ikinyesha alikunja miguu. Upepo ukigeuka akahamisha kigoda upande wa pili wa mlango. Ndani hakuingia.

Lazima niwaeleze jambo hili, maana wasomaji wengine hawatoki kwetu. Mwanamume akishaoa na kujenga, baba yake haingii tena katika nyumba hiyo. Haingii kula, haingii kujikinga mvua, haingii kabisa. Ni mojawapo ya mambo tunayoyaita chinsoni, yaani haya na heshima baina ya waliozaa na waliozaliwa. Kwa sababu hiyo hiyo mama hakumpa babu mkono wala hakumtazama usoni. Alimpikia, lakini chakula nilikipeleka mimi. Sisi wajukuu peke yetu ndio tuliopita popote, kwa babu, kwa baba, jikoni, uani, kama kuku. Hakuna aliyenikalisha chini kunieleza sheria hizi. Nilizijua tu, kama nilivyojua kwamba moto unaunguza.

Kitanda cha baba kilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya ukuta mfupi. Basi walizungumza kwa kupaza sauti kupitia mlangoni.

"Umeamka?" babu aliuliza.

"Nimeamka."

"Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Babu alijua, kwa sababu sahani nilipita nayo mbele yake ikiwa imejaa. Alitazama sahani, akatazama mlango, akanusa ugoro. Sauti ya baba ilipungua siku hadi siku, na masikio ya babu hayakuwa mazuri, hata ikafika wakati babu anauliza na hapati jibu, akaketi tu akishika tama. Nikiwa nyumbani maneno yao niliyapeleka mimi; nilipokuwa shule nilijiuliza ni nani anayewapelekea.

Sasa turudi darasani. Siku moja Mwalimu Ochola aligeuka kutoka ubaoni, chaki mkononi, akauliza: "Nani aniambie. Hawa watu walizuiwa kuingia kwa nini?"

 Mogaka, aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote na tayari ana ndevu tatu nne, akainua mkono. "Ni heshima, mwalimu."

Darasa zima tukaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jibu la wazi, hata tukashangaa kwa nini limeulizwa.

"Heshima?" mwalimu akasema. "Heshima gani?"

"Kama mtu hawezi kuingia nyumba fulani," Mogaka alieleza taratibu, kama anayemfundisha mgeni, "ni kwa sababu ya heshima."

"Kwa hiyo Mhindi ni baba yake Mzungu?"

Mogaka akakwama. Nami, ambaye kwa kawaida sikufungua mdomo, nikaona nimsaidie. "Labda Mzungu alikuwa ameshaoa," nikasema.

Hili nalo wenzangu waliliona lina maana. Mwalimu Ochola aliweka chaki mezani. Mabega yalianza kumtikisika, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi tukacheka kwa sababu yeye anacheka. "Nyinyi watu wa Kisii mtaniua," alisema. "Mtaniua, na kwetu hawatajua nimekufa kwa nini." Alijifuta macho kwa leso. Halafu akavaa miwani, na kicheko kikamwishia.

"Sikilizeni," alisema. "Nimewaelewa. Hata kwetu ziko heshima kama hizo, za mzee na nyumba ya mwanawe. Lakini hii si hiyo. Hawa watu hawakuzuiwa kwa heshima. Walizuiwa kwa sababu hawakutakiwa. Basi. Mtu anataka nchi iwe yake na wenzake, anamfungia mwingine mlango. Na ambaye ameshaingia anamtoa. Si mambo ya zamani tu. Juzi hapa wazazi wenu wengine wamerudishwa kutoka ng'ambo ya mpaka, ni jambo lile lile."

Wote waligeuka kunitazama. Hata Mogaka. Nilitazama meza, nikaanza kufuata kwa kucha jina la mtu lililochongwa hapo kabla yangu. Mwalimu aliona alichokifanya, akakohoa, akailaumu pareto, na kipindi kikaisha kabla ya kengele.

Neno lile, kutotakiwa, nilirudi nalo nyumbani kama mwiba mguuni. Sikuwahi kulifikiria. Kumbe baba hakutakiwa kule. Alipanda kilima na sukari yake iliyolowa kwa sababu watu hawakumtaka. Niliona aibu, na aibu ikageuka kuwa huzuni, na huzuni ikawa bado ninayo nilipofika uani nikamkuta babu juu ya kigoda chake, amejifunika jani la mgomba, maji yanatiririka kutoka kwenye paa karibu na magoti yake. Nilimwona kwa macho mapya, na sikuyapenda macho hayo.

"Sokoro," nikamwambia, nikimtaja baba kwa Kikisii, "tata hakutaki?"

"Nini?"

"Mwalimu amesema mtu akizuiwa kuingia, ni kwa sababu hatakiwi."

"Mwalimu amesema hivyo kunihusu mimi?"

"Kuhusu Wahindi."

"Basi mwambie awalete hao Wahindi," alisema, "tukae nao hapa nje. Nafasi ipo." Akapiga chafya ya ugoro. "Nenda umpe baba yako maji."

Nilienda. Sikucheka, wala yeye hakucheka.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Ijumaa. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa alasiri nyumba yetu ilikuwa mbio: kupika chakula cha kesho, kufua, kuteka maji, kila kitu kiishe kabla jua halijazama. Mama alikuwa akikoroga uji wa wimbi na kukimbia chumbani, akikoroga na kukimbia chumbani. Mara ya mwisho alirudi jikoni akiwa amekunja shuka mkononi bila kujua amelishika. Alinishika mabega yote mawili.

"Anamwita baba yake," alisema. "Anamwita, na mzee hasikii. Nenda umwambie sokoro aingie."

Nilimtazama tu.

"Mwambie mimi nimesema. Mwambie sisi ni watu wa kanisa, Mungu hatatuuliza mambo hayo. Mwambie mwanawe anakwisha, Kemunto. Nenda."

Yeye mwenyewe asingeweza kumwendea baba mkwe na maneno kama hayo. Hata kuyatuma kulimtoa jasho. Nikatoka nikayasema yote, moja baada ya jingine, nikiogopa nisije nikaacha lolote.

 Babu aliweka kopo la ugoro mfukoni. Alivua kofia akaiweka juu ya kigoda, akaegemeza fimbo ukutani, akasimama. Sikuwahi kuona mtu mzima akiivunja sheria ile. Alishika mwimo wa mlango. Akainua mguu.

"Nani huyo?" Sauti ya baba ilitoka ndani, na ilikuwa na nguvu kuliko siku zote za juma lile.

"Ni mimi," babu alisema.

"Tata, usiingie."

"Mwache aingie!" mama alilia kutoka mlango wa jikoni. "Si ulikuwa unamwita? Ni baba yako!"

"Nilimwita aje. Sikumwita aingie." Alipumua kwa shida, tukasikia. "Usiingie, tata. Hii ni nyumba yangu."

Mguu wa babu ulikuwa bado hewani. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona udongo mwekundu uliokauka kwenye kisigino chake. Aliurudisha chini, nje ya kizingiti.

"Nimesikia," alisema. "Ni nyumba yako."

Akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kigoda chake, asiupe mlango mgongo.

Nisikuficheni, wakati ule nilimchukia baba yangu. Nilimchukia kwa moyo wote wa mtoto wa darasa la sita. Mtu amelala anakufa, baba yake amevua kofia amekuja kumwona, naye anamfukuza kwa pumzi ya mwisho aliyo nayo. Nilijua hasa ni nini hiki, nilikuwa nimefundishwa jina lake darasani. Babu hakutakiwa. Nililia nikiwa nimesimama pale pale, na hakuna aliyeninyamazisha.

Mvua ilikuwa ikianza. Babu alikaa kidogo, kisha akaenda kwenye rundo la kuni akachukua panga, akazunguka nyumba kwa nyuma. Nikamfuata. Alitembea kando ya ukuta akiugonga kwa vifundo vya vidole.

"Kichwa chake kiko wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Alipima kwa macho, akashuka kidogo, akaanza kukwangua. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, na udongo ule alikuwa ameukandika baba mwenyewe Desemba moja, ukakauka vizuri. Panga lilikwaruza, vipande vikaanguka. Mama alitoka mbio akidhani mzee amepagawa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, akamsemesha moja kwa moja.

"Unabomoa nyumba!"

"Sibomoi," babu alisema bila kugeuka. "Natoboa."

Alitoboa kati ya fito mbili tundu la kupitisha mkono. Mwanga ulipoingia ndani, aliweka panga chini, akaketi kwenye matope, akabana shavu lake ukutani, na kuingiza mkono mpaka begani.

Nilikimbia kuzunguka nyumba, nikaingia chumbani. Mkono wa babu ulikuwa umetokeza juu ya kitanda, umepakaa udongo wote, unapapasa blanketi kama wa mtu anayetafuta kitu gizani. Baba aliutazama. Niliogopa, nikadhani atauambia nao utoke. Aliutazama muda mrefu, kisha akaushika kwa mikono yake miwili na kuuweka kifuani.

"Tata," alisema, "umechafuka."

"Ni mvua," babu alijibu kutoka nje.

Hawakuzungumza mengi zaidi. Mama alimfunika babu kwa majani ya mgomba na juu yake blanketi ambalo baba alikuja nalo kutoka Uganda. Alilitandaza yeye mwenyewe, hakunituma. Wimbi likaungua jikoni, harufu ikajaa nyumba nzima, na hakuna aliyelijali. Mimi niliketi miguuni pa baba. Kila mara vidole vya babu vilijikunja kidogo juu ya kifua kile, vikafunguka, na vidole vya baba vikafanya vivyo hivyo, mpaka vikaacha.

Jua lilikuwa linashuka na Sabato inaingia. Sisi tuliokuwa ndani tulidhani amesinzia. Mama alikuwa akisafisha kioo cha taa ili aiwashe.

"Ameenda," babu alisema nje ya ukuta.

"Amelala," mama alimjibu.

"Ameenda, mama Kemunto."

Mama aliweka taa chini, akaja akaangalia. Ilikuwa kweli. Tulikuwa chumba kimoja naye, tukapewa habari na aliyekuwa nje. Babu hakuutoa mkono wake. Aliuacha pale mpaka majirani waliposikia kilio cha mama, wakaja wakamsihi, na hata hivyo hakutoka upesi.

Tulimzika ubavuni mwa nyumba yake. Mwalimu Ochola alikuja na darasa letu, kila mwanafunzi na kipande cha kuni kichwani kwa ajili ya matanga. Aliona lile tundu akaniuliza ni la nini. Nilipomweleza, alisimama mbele yake na miwani mkononi.

"Na hakuingia?" aliuliza.

"Hakuingia."

Alitaka kuniambia kitu, nikamwona akitafuta lugha ya kukisemea, lakini wazee walimwita akapewe kiti.

Tundu lilizibwa na babu mwenyewe matanga yalipoisha. Alikanyaga udongo, akautia nyasi, akakandika kwa nje huku mimi nikikandika kwa ndani. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na ndani ya nyumba ile hakukanyaga kamwe. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula swali la watu waliozuiwa kuingia lilikuja. Niliandika kwamba hawakutakiwa, nikapata alama zangu. Na kwa miaka mingi niliamini jibu hilo linatosha kwa Wahindi, kwa Wachina, kwa baba kule kiwandani, na kwa babu mlangoni petu. Niliishi na kinyongo na baba yangu aliyekwisha kufa, na kinyongo cha namna hiyo kinachosha, maana hakuna wa kukuomba radhi.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, hapa Mombasa, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilipanga chumba kwa mtu mmoja ambaye hakuwa mbaya. Jioni moja nilikuwa nimeketi kitandani nimejifunga kanga moja, nala wali, mlango ukafunguka. Mwenye nyumba aliingia bila hodi. Alinisalimu vizuri, akapita mbele yangu mpaka kwenye dirisha, akalitikisa kuona kama bawaba zimelegea, akasema fundi atakuja, akatoka. Hakunigusa wala hakunikosea adabu kwa neno. Ilikuwa nyumba yake. Niliweka sahani chini, nikalia kilio kikubwa hata jirani akaja kuuliza nani amefariki, na nikashindwa kumwambia kwamba ni baba, na kwamba ni zamani.

Mlango ule ulipofunguka, niliona akilini kile chumba cha baba cha kambini, kilichokuwa na mtu mwingine kabla sanduku halijafungwa. Niliona mpaka, na daktari aliyemwambia mama arudi naye nyumbani. Kila mahali baba alipofika mwaka ule palikuwa na mtu mwenye uwezo wa kumwambia ingia au toka, naye akatii. Alibakiwa na mlango mmoja tu, wa mbao za mkaratusi alizozipasua mwenyewe, ambapo yeye ndiye aliyekuwa na neno. Na neno hilo lilikuwa na uzito juu ya mtu mmoja tu duniani, yule aliyemzaa. Kama babu angeingia siku ile kwa sababu mwanawe ni mgonjwa, hajiwezi, anahurumiwa, baba angekufa akiwa mtoto katika chumba cha watu.

Mimi nilihitaji kupanga nyumba za watu ndipo nione hivyo. Babu aliona pale pale, mguu ukiwa hewani. Alitaka kuuona uso wa mwanawe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, mlango ulikuwa wazi, na hakuna mtu ambaye angemzuia kwa nguvu. Akaurudisha mguu nje.